Spika Aliyemeza Sauti

Haya, kaa vizuri nikutegee. Nina nyoka wangu wa chuma. Asubuhi anatambaa kwenda, jioni anatambaa kurudi. Macho anayo kichwani tu, mkia wake kipofu, lakini kichwa kikiona shimo, mkia nao unalikwepa. Ni nini? Usikimbilie kunipa mji, miji ya watu nimeshapewa mingi na sina nguvu za kuitawala. Wala usiseme treni. Treni ina reli yake, mashimo ya barabarani haiyajui.

Umeshindwa? Basi nyoka huyo ni mstari wa baiskeli wa wafanyakazi wa kiwanda cha magodoro. Wao wanakaa upande huu wa mji, kiwanda kiko upande ule, na katikati ni barabara moja nyembamba inayopitiwa na malori ya mchanga. Dereva wa lori la mchanga akimkuta mtu mmoja juu ya baiskeli, anampita kama anapita kichaka. Lakini akiukuta mstari mrefu, baiskeli moja nyuma ya nyingine, zimenyooka, hakuna anayeyumba, mwenyewe anapunguza mwendo. Wengine mpaka wanapunga mkono. Ndiyo maana hakuna aliyependa kwenda kazini peke yake.

Kichwa cha mstari alikuwa mzee mchochea boila la mvuke kiwandani, waliyembandika jina la Mzee Taratibu, na kila aliyejiunga alisomewa masharti kabla hajakanyaga pedali. "Acha nafasi ya baiskeli nzima kati yako na mwenzako. Usiingize tairi lako ubavuni mwa tairi lake, hapa si kitandani mlale wawili. Usishike breki ghafla kama uliyekumbuka umeacha jiko linawaka, inua mkono kwanza. Mtu wa miguu mpishe na umsalimie, barabara hukuirithi kwa baba yako. Na kwenye kilima, mwendo ni wa yule anayehema kuliko wote."

Halafu alikuwa anainua kidole. "Na sauti! Nikiona shimo, nitaita. Aliye nyuma yangu ataita, na aliye nyuma yake ataita, mpaka mkiani. Usiulize shimo gani, usiulize kwa nini. Lililokuja kutoka mbele, lirudie. Mkia ukishapokea utajibu, 'Mkia umesikia!' Hapo ndipo roho yangu inatulia."

Kuipokea sauti na kutoipeleka nyuma waliita kumeza sauti, na hakukuwa na kosa kubwa kuliko hilo. Fundi seremala mmoja aliwahi kumeza sauti kwa sababu kinywa kilijaa karanga. Tangu hapo alikuwa akipita peke yake upande wa pili wa barabara, anawapungia mkono kwa unyonge kama jamaa aliyekosa mwaliko wa harusi.

Sasa mstari mrefu una taabu yake. Sauti ikifika katikati huchoka. Ndiyo maana Mzee Taratibu alimweka katikati mshonaji mmoja wa makava ya magodoro, mwanamke mwembamba ambaye Mungu alimpa kifua cha kuku na koo la jogoo. Akiita, "Shimo kushoto!" waliokuwa mbele yake walishtuka na waliokuwa mkiani walidhani yuko begani kwao. Wakamwita Spika. Mwanzoni jina lilimchoma, lakini baadaye alilipenda, maana hakuna mwingine kiwandani aliyehitajika kwa sababu ya kelele zake.

Nyuma ya Spika alipanda mumewe. Huyu alikuwa mkata sponji, na kwa jinsi alivyokata sawasawa bila kupinda, walimwita Wembe. Mzee Taratibu alikuwa anastaafu mwisho wa wiki ile, na kila mtu alijua kwamba kichwa cha mstari sasa kitakuwa Wembe. Hakujisifu mdomoni. Alijisifu kwa kuipaka baiskeli mafuta kila jioni mpaka paka wa nyumbani akawa anaisogelea akidhani ni samaki.

Shida ilianzia kwenye kengele.

*

Ilikuwa kengele ya Spika, ya duara, inayong'aa. Alikuwa anaisugua kwa jivu kila Jumapili. Jumapili hiyo wifi yake, dada yake Wembe, alikuja kuonyesha baiskeli aliyoipata, imechoka lakini inakwenda.

"Kaka, ona," akasema wifi, "kila kitu kipo isipokuwa kengele."

Wembe alikuwa na moyo mwepesi wa kutoa, hasa kitu kikiwa si chake. Alichukua spana. Spika alipotoka uani kuanika nguo, akaona usukani wake umebaki na alama nyeupe mahali palipokuwa na kengele, kama kidole kilichovuliwa pete.

"Kengele yangu iko wapi?"

"Nimempa dada," akasema Wembe. "Ah, mke wangu, kwa sauti hiyo uliyonayo, kengele ya nini tena?"

Wifi alicheka. Wembe alicheka. Mama yake Wembe, ambaye alikuwa anakaa nao na alikuwa na kikombe cha chai mkononi, alicheka mpaka chai ikamtokea puani. Spika hakucheka. Alisimama pale na koti la mumewe lililolowa mkononi, likimtiririkia miguuni.

"Sawa," akasema. "Sauti yangu ndiyo hiyo umeisikia. Ya mwisho."

Watu walidhani ni mzaha. Mpaka jioni walijua si mzaha.

"Mama," Spika alimwambia mkwewe, mumewe akiwa amekaa hapohapo, magoti yanakaribiana, "mwambie mwanao chakula kiko mezani."

"Mama, mwambie mkweo nimekiona."

"Mama, mwambie mwanao akishakiona akile, hakitazamwi kama picha."

"Mama, mwambie mkweo..."

Mama mtu alisukuma sahani. "Jamani! Mimi nimekuwa posta? Na posta yenyewe hulipwa stempu! Hamjanipa hata kipande cha nyama kizuri, mnanituma tu."

Basi wakala kimya, na kila mmoja akatafuna kwa nguvu ili mwenzake ajue kuwa hana majuto.

*

Kesho yake mvua ilikuwa imenyesha. Mstari ulipanga kama kawaida: Mzee Taratibu mbele, na wengine nyuma yake, mpishi wa kantini, kisha Spika, kisha Wembe, kisha mlinzi wa lango, na wengineo. Asubuhi hiyo Spika alimpa mumewe mgongo kwa bidii. Alikaa wima juu ya kiti kama nguzo ya simu. Wembe naye, ili asiutazame mgongo huo, aligeuza uso pembeni akawa anaangalia marundo ya mchanga kama mtu anayetaka kuyanunua.

Mitaa yao inapoishia kuna kona, na kwenye kona kulikuwa na shimo ambalo kila mtu alilijua. Lakini siku ile maji ya mvua yalikuwa yamelifunika, na barabara ilionekana sawa kabisa.

"Shimo kushoto!" Mzee Taratibu aliita.

Sauti ikaja, ikaja, ikamfikia mpishi wa kantini. "Shimo kushotooo!" akaita mpishi, ambaye kila neno alilivuta kama unga wa maandazi.

Ikamfikia Spika. Alivuta pumzi. Kinywa kilikuwa wazi tayari. Hapo ndipo likamjia: akifungua sauti tu, aliye nyuma yake ni nani? Ni Wembe. Atakuwa amesema naye. Na kesho atacheka, aseme, "Si uliniapia?" Yote hayo yalipita kichwani kwa kasi ya kupepesa jicho. Ataliona mwenyewe, Spika akajiambia. Ana macho mawili makubwa. Akafunga kinywa, akakata usukani, akalipita shimo.

Nyuma yake akasikia mshindo wa maji, kisha mlio wa chuma juu ya chuma, kisha mtu akamtaja Mungu.

Alipogeuka, mumewe alikuwa amelala ubavu matopeni, baiskeli iko juu yake, na mlinzi wa lango amekaa katikati ya shimo kama mtu aliyejiandalia bafu. Lori la mchanga lilikuwa linakuja. Dereva alikaza breki, lori likasimama likitetemeka, pua yake ikiangalia kisogo cha Wembe. Hakukuwa na kicheko. Hata mpishi, ambaye hucheka msibani, alinyamaza.

Mzee Taratibu alirudi akiisukuma baiskeli yake kwa miguu, uso umemkunjamana. "Sauti imekufia wapi?"

"Si kwangu," akasema mpishi upesi. "Mimi nimeita, na Spika ameita. Nimemsikia mwenyewe kwa masikio haya mawili, hayana kasoro."

"Hata mimi nimemsikia," akasema mlinzi kutoka shimoni, maji yanamtoka kwenye mikono ya shati. "Shimo kushoto. Vizuri kabisa. Ila mwenzangu hapa mbele alikuwa safarini, sijui wapi."

Na wengine wa nyuma nao wakaitikia kwamba wamesikia. Hawakuwa wanasema uongo, maskini. Walikuwa wamezoea. Miaka yote kila kona ina sauti ya Spika, na siku isipokuwepo masikio yao yaliitia yenyewe, kama ulimi unavyotafuta jino lililong'oka.

Mzee Taratibu hakumuuliza Spika kitu. Nani anauliza jogoo kama amewika? Alimgeukia Wembe. "Nawe? Hukusikia?"

Wembe alikuwa ameshika kifundo cha mkono, kimeanza kuvimba. Alimtazama mkewe, akamtazama mzee. "Kama wote wamesikia," akasema polepole, "basi mimi sikusikia."

"Wiki hii ndiyo ya kunipokea!" Mzee Taratibu alisema, na sauti yake ilikuwa ya huzuni kuliko hasira. "Kichwa kisichosikia kitaongoza nini? Utapanda mkiani, ufungwe kitambaa chekundu cha mtu wa mkiani, kama sheria inavyosema. Ya kichwa tutaongea."

Mtu mmoja akampiga Spika begani. "Na wewe hongera, dada. Sauti ile, hata shimo lenyewe limesikia."

Spika alitaka kusema. Ulimi ulikuwa mzito kama godoro lililonyeshewa. Alimwona kwa mbali fundi seremala, upande wa pili wa barabara, amesimamisha baiskeli yake peke yake, anatazama huku shingo imerefuka. Akanyamaza tena. Na kunyamaza mara ya pili, niamini, hakukuhitaji kengele wala ugomvi. Kulikuja kwenyewe.

*

Nyumbani alichemsha maji, akatia chumvi, akashika mkono wa mumewe akaanza kuukanda. Kiapo cha kutosema kilikuwa bado kinaning'inia kati yao, lakini kilishapoteza ladha.

"Spika," akasema Wembe. Hakupitisha kwa mama. "Nikuulize kitu, unijibu. Uliita?"

Spika aliutazama mkono ndani ya beseni. "Maji yamepoa," akasema. "Ngoja nilete mengine."

Akaenda jikoni, akakaa huko mpaka maji yakakaribia kukauka sufuriani. Aliporudi, Wembe alikuwa ameshajijibu mwenyewe.

"Ni masikio," akasema. "Nilijua tu. Miaka yote hiyo kwenye mashine ya kukata. Unamkumbuka aliyenifundisha kazi? Alianza hivihivi. Anaitwa, hageuki, watu wanasema ana maringo. Kumbe masikio yamekwenda."

"Nani kasema yamekwenda?" Spika akauliza kwa sauti ndogo ambayo hakujua anayo.

"Ehe! Ona! Hata sasa unasema kwa mbali."

Kiwandani wakampa siku chache za kuuguza mkono, na tangu siku hiyo Wembe akawa mgonjwa wa masikio yake mwenyewe. Alitia mafuta ya nazi ya vuguvugu, akalala kichwa upande, mto ukaharibika. Alisimama nyuma ya mlango kusikiliza saa ya ukutani kama inatembea. Akamwomba mama yake akae uani amnong'oneze chochote, aone kama atasikia.

Mama mtu akakaa uani, akageukia ukuta, akanong'ona, "Huyu mtoto mpaka anaanza shule alikuwa anakojoa kitandani."

"Mama!" Wembe alifoka kutoka chumbani. "Majirani!"

"Si umesikia?"

"Hiyo ni ya nyumbani, kimya. Barabarani ni kitu kingine. Mashineni ni kitu kingine."

Wifi naye alikuja kumpa kaka yake pole, na alijitangaza tangu kwenye kona kwa kengele: kri-kri, kri-kri. Spika alisikia kila kri ikimwingia mbavuni. "Kaka, kengele hii ni tamu!" akasema wifi akishuka. "Watu wananipisha wenyewe." Kisha akamwona Spika, akakumbuka. "Lakini wifi, kama unaitaka..."

"Kaa nayo," akasema Spika. Na kwa mara ya kwanza hakuionea wivu ile kengele. Kengele haiapi, haikasiriki. Ukiigusa, inalia.

Siku ya kurudi kazini ilipokaribia, Wembe alimwambia mkewe alichoamua. Walikuwa wanakunja nguo pamoja, yeye kwa mkono mmoja, kwa hiyo kila shuka lilikunjwa likapinda.

"Kesho nitakwenda kwa msimamizi. Nitamwambia anitoe kwenye mashine."

Spika aliliachia shuka. "Akupeleke wapi?"

"Si unapajua? Kuchambua vipande."

Alipajua. Chumba cha nyuma, hakina dirisha la maana, mabaki ya sponji yamejaa mpaka darini, na watu wanaokaa humo wakiyatia kwenye magunia, ya kujazia mito. Wanatoka jioni na nyuzi za njano kwenye nyusi. Hakuna anayewaita kwa jina la utani, maana hakuna anayewaita.

"Kwa shimo moja tu?"

"Si shimo. Sikiliza. Kisu kikitaka kushuka, mwenzangu ng'ambo ya meza anapiga kelele, 'Toa mkono!' Mimi natoa, nami namwambia yeye. Siku nisiposikia, utaniletea maji ya chumvi kwa ajili ya mkono gani?" Alijaribu kucheka. "Na kama ni mkono wake yeye? Ana watoto wadogo. Hapana. Bora nichambue vipande nikiwa na vidole vyangu, na yeye vyake."

"Subiri kidogo."

"Nisubiri nini, mke wangu? Watu wote wamekusikia. Wote! Mlinzi alikuwa nyuma yangu, mbali zaidi, na amekusikia. Ni mimi tu." Akaliokota shuka, akampa ncha yake. "Na nisamehe ile ya kengele. Ilikuwa mzaha mbaya. Sikujua kwamba sauti yako ndiyo itakuwa ya kwanza kunipotea."

Spika alishika ncha ya shuka akaificha usoni, akasingizia vumbi.

*

Alipokuwa anasugua sufuria jikoni, mama mkwe aliingia akavuta kibao akakaa. Alikuwa bibi wa kupenda vitendawili, na alivitega wakati usio wake, mtu akiwa na sabuni machoni au ameunguza mchuzi.

"Mwanangu, nikutegee."

"Tega, Mama," akasema Spika bila hamu.

"Ukikimeza hakishuki tumboni. Ukilala kiko kooni, ukiamka kiko kooni."

"Mwiba wa samaki."

"Mwiba una siku zake, unatoka."

"Basi kidonge."

"Kidonge unasukuma kwa maji."

"Sijui, Mama. Chukua mji, uwe wako."

"Mji sitaki, nifanyie nini na magoti haya? Nataka jibu." Bibi akakunja miguu yake taratibu. "Unajua mimi asubuhi huwa nafagia uani. Na nyie mkifika pale konani, sauti yako huwa naisikia. Shimo kushoto! Kila siku ya Mungu. Ndiyo saa yangu. Nikiisikia najua mwanangu na mkwe wangu wamevuka kona, naweka ufagio, nainjika chai."

Spika aliacha kusugua.

"Siku ile," akasema bibi, "nilifagia mpaka nikafika kwa jirani."

Maji yalikuwa yanadondoka bombani. Spika alisema bila kugeuka, "Mbona hukumwambia?"

"Mimi? Si nilishawaambia mimi si posta." Bibi akainuka, akashika mlango. "Na usidhani nakuonea huruma sana, nilikuwa nacheka na mimi siku ya kengele, chai ikanichoma pua. Lakini mwanangu anatia mafuta masikioni na masikio hayana ugonjwa. Mito yangu inaisha."

Akaondoka. Spika alitaka kumfuata mumewe chumbani palepale. Alifika mpaka mlangoni. Wembe alikuwa amekaa kitandani, ameinamisha kichwa, ameweka saa ya mkononi sikioni, anahesabu kimya kimya kwa midomo, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyekwisha aga. Na Spika akajua kwamba akimwambia hapa, ndani, yeye peke yake, atamwamini nusu. Atasema, mke wangu ananihurumia, anajitwika mzigo. Watu wote walisema wamesikia. Ni watu wote wanaopaswa kusikia.

Akafikiria fundi seremala na barabara ile, na malori, na mgongo wake yeye ukiwa peke yake upande wa pili. Akarudi jikoni, akasugua sufuria iliyokwisha kung'aa.

*

Asubuhi ya siku ya mwisho ya Mzee Taratibu watu walikuwa wamevaa vizuri kidogo, na mpishi alikuwa amefunga utepe kwenye keria ya baiskeli ya mzee. Wembe alikwenda moja kwa moja mkiani bila kuambiwa. Mlinzi wa lango ndiye aliyemfunga kitambaa chekundu nyuma ya kiti.

"Kinakupendeza," akasema mlinzi. "Ng'ombe wasikuone tu."

"Kaza vizuri," akasema Wembe. "Kisije kikadondoka nikakuponza mara mbili."

Walicheka wote wawili, lakini Wembe alicheka akiutazama mdomo wa mlinzi, kama watu wanavyofanya wasipoamini masikio yao. Spika aliliona hilo kutoka katikati ya mstari.

"Ukifika," mumewe alikuwa amemwambia wakitoka nyumbani, "usinisubiri langoni. Nitapitia kwanza kwa msimamizi."

Mstari ukaondoka. Baiskeli moja nyuma ya nyingine, nafasi ya baiskeli nzima katikati, hakuna anayeyumba. Mama mmoja aliyebeba ndoo alipishwa na kusalimiwa na mstari mzima, kila mtu "Shikamoo" yake, mpaka yeye mwenyewe akachoka kusema marahaba. Lori la kwanza la mchanga likapunguza mwendo. Upande wa pili wa barabara alionekana fundi seremala, peke yake, amekumbatia ukingo wa kulia kabisa, anapeperushwa na upepo wa lori.

Kona ikaja. Shimo halikuwa na maji tena, lilikuwa limefunua mdomo wake wote.

"Shimo kushoto!" akaita Mzee Taratibu, na kwa kuwa ilikuwa mara ya mwisho, aliita kama anayeimba.

"Shimo kushotooo!" akaita mpishi.

"Shimo kushoto!" akaita Spika, na ndege waliokuwa juu ya waya wakaruka.

Nyuma yake wakarudia, mmoja mmoja, mlinzi, na mwingine, na mwingine, ikashuka mpaka ikapotea, kisha ikarudi ile sauti ndogo ya mbali, isiyojiamini, "Mkia umesikia."

Spika alivuka shimo. Akaukamata usukani kwa mikono miwili. Hakugeuza shingo, maana masharti yanakataza kugeuza shingo. Alijaza kifua kile cha kuku mpaka vifungo vikalalamika, akaita:

"Siku ile sikuita!"

Mlinzi wa lango alikuwa mtu wa masharti. Lililokuja kutoka mbele, lirudie. Usiulize kwa nini. "Siku ile sikuita!" akapaza mlinzi, na ndipo macho yakamtoka, lakini neno lilikwisha kwenda.

"Siku ile sikuita!" akaita fundi wa cherehani aliye nyuma yake.

"Siku ile sikuita!" akaita mpakia mizigo.

"Siku ile sikuita, kushoto!" akaita mwingine aliyekuwa bado anasinzia.

Mpishi aligeuza shingo nzima, masharti yakamtoka. Kule mbele kabisa Mzee Taratibu akainua mkono wa kupunguza mwendo, na mstari mzima ukapunguza, bila breki za ghafla, kila mtu na nafasi yake. Upande wa pili wa barabara fundi seremala aliweka mguu chini. Neno likaendelea kurudi nyuma, mdomo kwa mdomo, kila mtu akikiri kwa sauti yake kosa ambalo hakulifanya, nene, nyembamba, ya mafua, mpaka likafika kwenye kitambaa chekundu.

Minyororo tu ilisikika, na tairi juu ya kokoto. Spika alikanyaga pedali moja, akakanyaga nyingine, macho mbele, machozi yanakwenda masikioni kwa upepo.

Halafu kutoka nyuma kabisa, ikipita juu ya vichwa vya watu wote, ikaja sauti ambayo hata yeye hakujua mumewe anayo:

"Mkia umesikiaaa!"